Kilima cha Teitia

Habari kwamba Rais amenunua nchi nyingine iliwakuta wanawake wamejazana nyumbani kwa Nei Karotu wakicheza bingo, na mchezo ukafia papo hapo. Redio ilikuwa imetundikwa kwenye nguzo. Mtangazaji alisema, kwa sauti ileile anayosomea ratiba ya meli, kwamba serikali imenunua nchi huko Fiji, yenye vilima na mito, ili siku bahari ikivifunika visiwa, wananchi wawe na pa kwenda.

"Vilima!" Nei Bwebwe, jirani wa karibu na mwenye mdomo kuliko wote, alishika kiuno. "Mimi hata ngazi ya kanisani inanitoa pumzi. Huyu mtu anataka kutumaliza."

"Amemwuliza nani lakini?" mwingine akadakia. "Mtu anakwenda kununua nchi kama anayekwenda kununua sukari?"

"Sasa Rais amwulize nani, shoga? Akuulize wewe? Mumeo aliponunua ile baiskeli mbovu alikuuliza?"

Nyumba ilipasuka kwa kicheko. Mara wakaanza kugawana nchi ya watu. Nei Bwebwe akachukua ukingo wa mto, afulie nguo maji yasiyo na chumvi mpaka zichanike. Mwingine akataka bonde zima, ila kwa sharti kwamba wifi yake asipewe hata shimo la choo karibu naye. Mwingine akasema kule wapo ng'ombe, na ng'ombe anakufukuza ukivaa nyekundu, kwa hiyo nguo za kwaya itabidi zibadilishwe. Walicheka mpaka wakafuta machozi kwa kadi za bingo.

Nei Karotu hakucheka. Nyumba za kijiji kile hazina kuta, ni nguzo na paa tu, na pale alipokaa aliona moja kwa moja mpaka ufukweni. Katikati ya nyumba na bahari lilikuwepo kaburi la Teitia, binti yake wa pekee, aliyekufa kwa homa akiwa bado hajang'oka meno yote ya utoto. Walikuwa wamemzika kando ya nyumba kama desturi, ili asikie watu wakizungumza. Siku ile ya mazishi, kutoka kaburini mpaka majini palikuwa na mwendo wa kuvalia viatu. Sasa ungetema mate tu, yakafika.

Kila mwezi ukiwa mpevu na maji yakipanda, mumewe, Tem Baraniko, alilundika mawe ya matumbawe mbele ya kaburi. Kila maji yakishuka, aliyaokota tena huko yalikotawanywa. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa akiokota mawe yake, basi. Mwaka uliopita bahari ilikuwa imemchukua babu wa jirani yao wa upande wa kusini, kaburi zima na msalaba wake, na watu wakatania kwamba mzee kahama bila kuaga, alikuwa hivyohivyo hata akiwa hai. Nei Karotu alicheka pamoja nao siku ile, kisha akaenda kupima kwa hatua toka kaburi la Teitia mpaka majini.

Kwa hiyo wenzake walipokuwa wanagawana mito na mabonde, yeye alisikia neno moja tu. Vilima. Mahali ambapo bahari haifiki, hata ikitaka.

*

Rais Burangke alikuja kijijini baada ya miezi kadhaa, kuwaeleza watu alichonunua na kwa nini. Ilikuwa shughuli si ndogo. Nguruwe walilia tangu alfajiri. Wanawake walishona nguo za rangi moja, na walioshindwa kupata kitambaa wakasema hata hivyo rangi yenyewe mbaya. Maneaba, ule ukumbi mkubwa wa kijiji ambao kila ukoo una mahali pake pa kukaa, ulijaa mpaka watu wakakaliana magoti.

Walimpenda, isifichwe. Alizaliwa kisiwa cha jirani, ujanani alipanda minazi kugema kama wenziwe, na alipoketi mkekani alikunja miguu vizuri bila kusaidiwa. Alikula kwa mkono, akaomba samaki zaidi. Ndipo akasimama.

"Kuna wanaosema Rais ana nguvu kupita kiasi," alisema. "Wanasema nimechukua fedha ya nchi nikanunua nchi, sikuuliza mtu. Ni kweli, sikuuliza. Baba akiona paa linavuja hangoji watoto wapige kura." Watu wakapiga makofi. "Sisemi tuhame kesho. Nasema tu, tunapo mahali. Kule kuna udongo mwekundu, mzito. Ukisimama kilimani hutaiona bahari, wala hutaisikia."

Makofi yakarindima, nyimbo zikafuata, vijana wakacheza. Nei Bwebwe alikuwa anamnong'oneza mwenzake kuhusu viatu vya mke wa waziri, alipohisi mtu anasimama kando yake. Alikuwa ni Nei Karotu.

"Kaa chini wewe," Nei Bwebwe alimvuta gauni. "Unakwenda wapi?"

Nei Karotu alikuwa ameshafika katikati.

"Mheshimiwa," alisema, akanyoosha gauni lililovutwa. "Mheshimiwa, nimekuja kwako kwa bubuti."

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama, hata watoto. Maana kuna kuomba, na kuna bubuti. Bubuti haikataliwi. Mtu akikujia kwa bubuti akitaka sufuria yako, unampa, hata kama wali unatokota ndani yake, na siku nyingine yeye naye hatakuwa na ruhusa ya kukukatalia wewe. Ukikataa, utaishi hapo, utakula, utakwenda kanisani, lakini watu watakuwa wanakuangalia kama nyumba iliyobomoka. Ila hayo ni mambo ya ndugu na majirani. Hakuna aliyewahi kusikia mtu akimfanyia Rais.

"Sema, mama," alisema Rais.

"Bahari inamchukua mwanangu. Nakuomba mahali pake kwenye ile nchi uliyonunua. Pale kilimani. Si pakubwa. Alikuwa mdogo."

Mtu mmoja nyuma alianza kulia kwa sauti. Mawaziri wawili wakatazamana. Rais Burangke alimwangalia yule mwanamke, kisha akaangalia wale watu wote waliokaliana magoti, wakimngojea yeye. Ni mtoto wa visiwa. Angesema nini?

"Umepata, mama," alisema. "Ni pake."

Hapo ndipo maneaba ilipotaka kung'oka. Wanawake walimrukia Nei Karotu wakampaka poda na marashi kama bibi harusi. Nei Bwebwe alilia kuliko mfiwa mwenyewe, na jioni ile alikuwa anamwambia kila mtu kwamba ni yeye aliyempa moyo wa kusimama.

*

Ukipewa kitu kwa bubuti, hukiachi. Unakwenda kukichukua upesi. Kukiacha kikikaa kwa aliyekupa ni kumwambia mbele ya watu kwamba huamini ulimi wake. Nei Karotu alilelewa hivyo, na mama yake alilelewa hivyo. Asubuhi iliyofuata, baada ya Rais kuondoka, alimwendea mumewe aliyekuwa anaokota mawe.

"Baba Teitia, tumtoe. Meli inapita wiki hii."

Tem Baraniko aliendelea kuokota. "Mwache mtoto alale."

"Alale wapi? Ndani ya tumbo la papa?"

"Yule ni mtu mkubwa. Watu wakubwa wana mambo mengi. Ngoja aite mwenyewe."

"Nimngoje Rais aniite nije nichukue alichonipa? Nimfanye mwongo?"

"Karotu." Alinyoosha mgongo. Ilikuwa nadra amwite hivyo, kwa jina tupu, bila Nei ya heshima. "Hapa ninamwona. Asubuhi nikiamka, ninamwona. Huko utakakompeleka mimi nitamwonea wapi?"

 Nei Karotu alisema tu kwamba mwezi ukipevuka tena hakutakuwa na cha kuona, na kwamba mawe yake ni mchezo wa watoto wa chekechea, na akajuta hapohapo. Tem Baraniko aliangalia yale mawe. Kisha akaenda kuchukua koleo.

Walimtoa wao wawili, katekista akisali kando. Nei Karotu aliosha kila mfupa kwa maji ya mvua aliyokuwa akiyawekea akiba ya kunywa, kisha akaupaka mafuta ya nazi, polepole, kama zamani alipokuwa anampaka baada ya kuoga. Aliimba kidogo. Akampasha habari zote. Fulani kaolewa. Fulani kaachwa, na ilikuwa haki yake. Sasa wewe unakwenda kukaa kilimani, mwanangu, mahali pakavu, utatuona sisi huku chini kama sisimizi. Tem Baraniko hakuzungumza na mifupa. Aliona ni upuuzi, au labda hakuweza. Alisuka mkeka laini wa majani ya mkadi, akaufunga mzigo, akautia kwenye sanduku la mbao alilolitengeneza mwenyewe, akalipiga randa mpaka likawa kama ngozi.

Sehemu ya kaburi ilibaki shimo. Hakulifukia. Alisema bahari itamsaidia.

*

Mji mkuu ulikuwa na joto na vumbi, na watu wa huko walikuwa na haraka kama wamesahau kitu jikoni. Nei Karotu alifikia kwa binamu yake, akavaa gauni la siku ya maneaba, akaenda ofisini kwa Rais na sanduku mikononi. Katibu, msichana mwenye kucha nyekundu, alimwuliza kama ana miadi.

"Ninayo," alisema Nei Karotu. "Tuliahidiana mbele ya kijiji kizima."

Alikaa kwenye benchi mpaka mchana. Rais alipotoka kwenda kula, alimwona, akamtambua, akatabasamu. Halafu akaliona sanduku.

"Mama wa kilimani! Umeniletea nini? Usiniambie ni asali ya mnazi, daktari kanikataza."

"Nimekuja kuchukua ulichonipa, Mheshimiwa."

"Na humo ndani?"

"Mwanangu."

Tabasamu lilibaki mdomoni mwake bila kazi. Alimshika mkono mwenyewe, akampeleka ndani, akamwambia katibu asiingie mtu. Kule ndani viti vilikuwa vizuri, lakini alikaa naye chini kwenye zulia, na sanduku likakaa katikati yao.

"Mama," alisema, "mimi nilidhani unaombea siku za mbele. Siku tutakayohama wote."

"Bahari haingoji siku za mbele."

"Haingoji, kweli." Alipangusa uso. "Nipe siku chache. Ngoja niulize."

Alimpa hizo siku. Kwa binamu yake alilaza sanduku kando ya kichwa chake, na jioni watu walipojaa kuja kusikia habari za kijijini, alicheka nao na kusimulia, mkono mmoja ukiwa juu ya mbao. Mtu aliuliza kilichomo, akasema nguo.

Rais alipomwita tena, alikuwa amekonda, au labda ni mwanga tu. Safari hii hakukuwa na utani.

"Nimewapigia wakubwa wa kule," alisema. "Hawataki. Na wana haki. Tulichonunua ni shamba, mama. Hatukununua nchi. Nchi ni yao, sheria ni yao, udongo wao wanazika wao. Mimi nikifika pale ni mwenye shamba tu, kama mwenye shamba mwingine yeyote."

"Redio ilisema umenunua nchi."

"Redio ilisema."

"Na wewe ulisema."

"Na mimi nilisema." Aliinamisha kichwa. "Hata wangekubali, bado. Nikizika mtu mmoja kule, hao wapinzani wangu watasimama bungeni waseme Rais amenunua makaburi. Na wananchi watasema, kumbe ameshakata tamaa, ameanza kuhamisha wafu. Nchi hii itavunjika moyo siku hiyohiyo. Siwezi, mama. Nina uwezo wa kununua vilima vyote vile kwa kalamu moja. Kumlaza mtoto mmoja pale, sina."

Nei Karotu alisikiliza yote. Hakuyaona kuwa ya uongo. Aliona tu kwamba hayamhusu. Alikuwa ameomba, akapewa. Mbele ya koo zote. Mtu aliyekupa hawezi kukunyang'anya, awe Rais awe nani, na yeye angekaa kwenye zulia hilo mpaka azeeke kama ingebidi. Alifungua mdomo kusema hivyo.

Rais alimtangulia. Alikunja miguu vizuri, akaweka mikono magotini kama mtu aliye ndani ya maneaba, na sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya kisiwani kwao.

"Nei Karotu. Mimi nami nimekuja kwako kwa bubuti. Nakuomba unirudishie neno langu."

Hakukuwa na mtu mwingine ndani ya chumba kile. Hakuna ambaye angejua kama angekataa. Alilitazama sanduku, randa ya mumewe, kona alizozilainisha kwa kidole gumba ili zisimchome. Alifikiri, nikisema hapana, nitakuwa nani? Akafikiri, nikisema ndiyo, nitakuwa mama wa nani? Nje magari yalikuwa yanapiga honi. Alimwona Rais akilikwepa sanduku kwa macho, mtu mzima, na akamwonea huruma, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Chukua," alisema.

Rais alilia. Alimwambia aombe kitu kingine chochote, mabati, tangi la maji, chochote kilicho mikononi mwake, atapata leo. Nei Karotu alifikiri kwa nia njema kabisa, akitafuta, na akakuta hana kingine anachokitaka duniani. Akabeba sanduku lake, akaaga kwa adabu.

*

Tem Baraniko alikuwa gatini meli ilipofunga. Aliona kwanza sanduku, ndipo akamwona mkewe. Hakusema nilikwambia. Angesema, ingekuwa nafuu. Alimpokea sanduku tu, akatangulia mbele.

Mwezi ulikuwa umepevuka Nei Karotu akiwa mbali. Pale palipokuwa kaburi palikuwa bahari, tena bahari ya kina, maji ya kijani yakipanda na kushuka taratibu kana kwamba yamekuwapo siku zote. Mawe hayakuonekana.

Nei Bwebwe alikuja mbio kutoka kwake, mdomo umeshafunguka tayari, akaona. Akaufunga. Alikaa chini karibu na Nei Karotu bila neno hata moja, jambo ambalo kijiji hakikuwahi kulishuhudia, na baada ya muda akaegemeza bega lake kwenye bega la mwenzake.

Kiwanja cha Nei Bwebwe kilikuwa kipana kidogo kuliko chao, na kilienda ndani zaidi, upande wa minazi. Nei Karotu alikijua kila hatua. Angeomba tu, kwa bubuti. Lakini pale Nei Bwebwe alikuwa na kaburi la mama yake, na ya watoto wake wawili waliofia tumboni, na wajukuu waliohitaji pa kujenga, na angesema ndiyo. Hilo ndilo lililomtisha. Angesema ndiyo kabla hajamaliza kuombwa. Nei Karotu hakuomba.

"Nyuma ya jiko," alisema Tem Baraniko.

Ndipo palipobaki, kijisehemu kati ya jiko na njia ya kijiji. Alichimba peke yake, hakutaka kusaidiwa. Mchanga ulikuwa mweupe, mkavu, kisha ukawa kijivu, na kabla shimo halijamfika magotini maji yakaanza kuchipuka kutoka chini, taratibu, bila kelele. Alichota kwa kikombe, yakarudi. Akachota tena. Nei Karotu aliingiza kidole, akakilamba, ingawa alikuwa anajua. Chumvi.

"Mweke," alisema.

Mumewe alifungua sanduku. Alimtoa mtoto ndani ya mkeka wake, akapiga magoti, akamteremsha kwa mikono miwili mpaka mikono ikazama. Kisha ilitakiwa mtu aseme kitu. Katekista alikuwa kisiwa kingine. Nei Karotu alijaribu. Njia nzima ya kwenda na njia nzima ya kurudi alikuwa akizungumza na binti yake, habari hazikumwishia. Sasa kila alichomwahidi kilikuwa kilimani. Angemwambia nini?

Ndipo Tem Baraniko, ambaye hakuwahi kumsemesha mtoto huyu tangu siku alipofumba macho, aliinamisha uso wake karibu kabisa na maji.

"Umefika, mama," alisema. "Ndiyo huku. Juu kabisa. Pakavu."

Upande wa pili wa jiko wimbi lilipiga. Akapaza sauti, ili Teitia asilisikie.